Fromaji ya Bonane

Uliza muntu yeyote mu barabara yetu hapa mu Kenya, mutaa yetu, hapana ile inchi, atakuambia: Mama Virginie, mudomo yake haipumuzikake. Ni kweli. Niligombana na muuza makala, nikagombana hata na katekista, na sijutie. Ninajutia siku moja tu, ile mudomo yangu ilinyamaza.

Bwana yangu, Godefroid Numbi, ni mupishi. Miaka kumi na ine eko anapikia bazungu mu ville, kule mujini, na tablie yake nyeupe ya kupikia mimi njo ninaifulaka na kuipiga pasi. Ni muntu mupole. Ukimutukana, anakuuliza kama umekula.

Baba yangu, Mzee Stanislas, hakumupenda. Baba alikuwa anatia makala mu mashini ya reli, na mikono yake yote ilijaa alama za cheche. Kwa yeye, moto ni kazi ya mwanaume, na jikoni ni ya banamuke, basi. Siku ya ndoa yetu alikunywa munkoyo, ile kinywaji ya mahindi, akakataa chakula. Miaka sita hakukula mu nyumba yangu. Hakuita bwana yangu "mukwe", hakumuita hata jina. Alikuwa anasema tu: "Na ule mupishi, eko?"

Sasa, mbele ya Bonane ya 1955, binti yetu Annie akaenda kwa baba, akamushika ku shati: "Nkambo, mwaka mupya unaanza kesho kutwa. Utakuja kuona nguo yangu, robe mupya, na utakula kwetu." Mutoto wa miaka tano, nani atamukatalia? Baba akasema ndiyo.

Godefroid aliposikia akaanza kuimba, yeye mwenye hata mu kanisa anakuwaka kimya.

"Nitamufanyia ile kitu ya Noeli," akaniambia. "Ile bazungu banakulaka na bidole, mbele ya chakula yenyewe. Haipikwe."

"Haipikwe namna gani?"

"Haipikwe, Mama Annie. Ni mikono tu. Baba yako akiikula, atajua ni kazi."

Alikuwa amekwisha kugandisha maziwa ya ngombe ya ferme. Akaimwaga mu kitambaa safi, akaifunga, akaitundika ku musumari juu ya beseni. Maji ikashuka tone kwa tone, na mu kitambaa ikabaki fromaji, jibini nyeupe, laini. Akaiponda na chumvi, kitunguu saumu, pilipili kidogo na majani ya kitunguu. Halafu akaifinyanga matonge madogo, kama ya bukari, ugali ya mutoto, akayazungusha moja moja mu karanga ya kutwanga. Akayapanga ku sahani yetu ya maua, ile ya ndoa, na katikati akaweka tomate iliyokatwa vizuri. Nasema kweli: ilikuwa sahani ya kupiga picha.

Asubui ya Bonane akachukua kinga, baiskeli yake, kwenda kumuleta baba. "Uiache tu pa baridi," akaniambia. "Usiiguse."

Nikabaki na ile sahani. Nikaonja tonge moja. Baridi, na chachu kidogo. Ndipo neno ya baba ikaniingia mu kichwa, ile alikuwa anasema tangu tuko batoto: "Kitu yenye haikupita ku moto ni chakula ya mbuzi." Mawe! Nikaona kama eko mbele yangu, anasukuma sahani, anachukua kofia, anakwenda. Halafu miaka ingine sita.

Mbabula, jiko ya makala, ilikuwa inawaka, kuku yangu ilikwisha kuiva. Nikasema: nitaipitisha ku moto kidogo tu, kwa heshima ya baba. Nikatia mafuta mu sufuria, nikaweka matonge yote.

Yalilegea. Halafu yakamwaga maji. Halafu yakakatikakatika, na karanga ikaungua chini. Nikakoroga, nikazidi kuharibu. Nikasikia kengele ya kinga ku mulango, nikafunika sufuria.

Baba akakaa, akasifu robe ya Annie, akanywa. Alikuwa na roho nzuri ile siku, na hiyo njo inaniuma zaidi. Akasema mwenyewe: "Annie aliniambia kuna kitu ya bazungu. Mulete, nione."

Godefroid akainuka. Akakuta sahani ya maua haina kitu. Akafunua sufuria. Akaniangalia, na mimi nikaangalia miguu yangu.

Baba akakuja nyuma yake, akachungulia, akasikia harufu ya kuungua. "Ni hii?"

"Ni hii, Baba," Godefroid akasema. "Iliharibika. Munisamehe."

Baba akacheka, akanigeukia. "Unaona, Virginie? Hata kupika hajui!"

Neno ilikuwa moja tu: *Ni mimi.* Muntu mwenye kugombana na katekista! Haikutoka. Nikaleta bukari na kuku, tukakula. Baba akalamba bidole, akauliza: "Kuku hii nani alipika?"

"Ni mimi, Baba."

Ile nilijua kuisema.

Godefroid hakunigombeza, ile siku wala siku ingine. Alirudi kwa kazi yake, na kila Noeli anafanyia bazungu matonge yake. Lakini hapa kwetu hakutundika tena kitambaa ku musumari. Ikifika Bonane ananiuliza tu kama kuku iko. Nilikuwa najiambia: nitamuambia baba Pasaka. Nitamuambia ku ubatizo wa mutoto wa pili. Banasema majuto ni mujukuu, eti inakujaka nyuma; yangu ilikuwa inakaa na mimi ku meza, na bado nilinyamaza.

Mu 1957 kifua ya baba ikakwisha. Siku mbili mbele ya kufa aliniuliza: "Na ule mupishi, eko?"

Tulipomaliza matanga, nilimukuta Godefroid inje anamenya biazi. Nikapiga magoti. "Baba Annie, ile fromaji, ni mimi niliitia ku moto."

"Ninajua," akasema. Hakuacha kumenya.

"Kwa nini hukumuambia baba?"

Akaweka kisu chini.

"Miaka mbili nilikuwa nangoja wewe umuambie."