Majalada ya Mektilda

Mektilda, muuza karanga wa soko la Bariadi, hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji, lakini majarida ya Kiingereza aliyafaidi kuliko walimu wote wa mji. Aliyafaidi kwa nje.

Ilikuwa miaka ya soko huria, mitumba ikiingia kwa marobota. Ndani ya robota moja Hamimu, muuza nguo, alikuta rundo la majarida makuukuu ya hadithi za angani, akampa Mektilda afungie karanga. Kurasa za ndani zikafungia karanga kweli. Majalada yakamshinda kuyachana. Alikoroga gundi ya unga akayabandika sebuleni, yote kumi na saba, mimi mpangaji wake nikishika ngazi na kununa.

Ukiingia kumsalimia, hutoki. "Mwone huyu," aliniambia, "mikono ya watu haiwezi kabisa, vidole kama mihogo. Lakini kivuli! Tazama alivyokiangusha kwenye mchanga mwekundu." Aliwatambua wachoraji kwa mkono wao, bila kujua jina la hata mmoja. Nilimcheka sana, hadi siku niliyojikuta nabishana naye juu ya mwezi wa kijani.

Kisha, baada ya mavuno ya pamba, akaja mama mkwe wake, bibi Kwandu, kutoka Lingeka. Aliyatazama yale madude ya ukutani, akagoma kuketi.

"Mama Scola," alimwambia Mektilda, "mnawaita mashetani hawa ili iweje? Mayala, nunua chokaa."

Mayala, mume wa Mektilda, alikuwa manju wa kundi la ngoma la Wagalu. Uwanjani alitukana watu kwa nyimbo bila woga, ila mbele ya mama yake sauti ilimkauka. Akanunua chokaa.

Mektilda alilia, kisha akafuta machozi na kufikiri. Wagalu walikuwa wanakaribia kupambana na mahasimu wao, Wagika, na kwetu ngoma inayozungukwa na watu wengi ndiyo imeshinda. Wagika walikuwa na fisi wa kufugwa. Wagalu hawakuwa na kitu.

"Mayu, mama yangu," alimwambia mkwewe akigusa jalada la chombo cha angani kinachotua kwenye mchanga mwekundu, "nikiwashindia Wagalu kwa picha hii, majalada yabaki. Nikishindwa, nitapaka chokaa kwa mkono wangu."

Bibi Kwandu, Mgalu wa kuzaliwa, akakubali.

Wagalu walichukua kihenge kikuukuu cha mtama, wakakivika bati za madebe kifanane na chombo hicho, na kuwaingiza wanaume wanane wakibebe. Mektilda aliwasumbua wiki nzima. Alitaka hata kivuli kianguke kama kwenye jalada, kwa hiyo wakapanga kuingia saa kumi jioni. Na kwa kuwa kwenye jalada watu walikuwa wanakimbia vinywa wazi, aliagiza wachezaji wanne watangulie mbio wakipiga yowe.

Sasa niambieni, Msukuma akisikia yowe anafanya nini? Anashika fimbo anakimbilia huko huko, maana ng'ombe wa mwenzake wanaibwa. Uwanja mzima ulitujia. Wagika wenyewe walimwacha fisi wao na kamba yake. Kile chombo kilizingirwa, kikapigwa fimbo mpaka bati zikaruka, na wale wanane wakachomoka mikono juu wakitaja majina ya baba zao.

Mektilda hakungoja zaidi. Kazi ya wiki nzima ilikuwa vipande vipande mavumbini. Nilimfuata nyumbani, nikamkuta amekwisha koroga chokaa, brashi imeelekezwa kwenye ule mchanga mwekundu. Mimi niliyenuna kushika ngazi nilitaka kulia.

Bibi Kwandu akaingia anachechemea, na kipande cha fimbo mkononi.

"Weka hiyo brashi. Waamuzi wamesema tumeshinda. Nani mwingine alizungukwa na watu wengi vile?"

Akalisogelea jalada, akaweka kidole juu ya wale wanaokimbia, akalikagua kwa muda mrefu.

"Kivuli amekiweza," alisema. "Ila mchoraji huyu hawajui watu. Yowe limepigwa, wanakimbilia wapi?"

Akavuta kigoda, akaketi.