Matundu ya Gari la Mkate

Siku tuliyomzika shemeji yangu, mzee mmoja alisimama kanisani akasema marehemu alikuwa mtu wa kusikiliza ushauri. Alisema hivyo bila hata kukohoa. Mimi nilitaka kukohoa, lakini dada yangu, mjane wake, alinifinya mkono, maana ananijua. Basi nikanyamaza kwa heshima ya madhabahu. Hapa nilipo sasa hakuna madhabahu, kuna meza ya jikoni tu. Nilimpenda yule mtu na ninamwombea kila asubuhi. Ila siwezi kumwombea mtu ambaye hakuwepo, na huyo msikilizaji wa ushauri mimi sikuwahi kukutana naye.

Tulimwita Breki. Maisha yake yote aliendesha malori ya masafa marefu, na mazungumzo yoyote, yawe ya harusi au ya homa ya mtoto, kwake yaliishia kwenye breki. Ndoa ya fulani imevunjika? Haikuwa na breki. Mtoto anaharisha? Hapo napo alikuwa na la kusema, ambalo sitaliandika. Miaka yote hiyo dada yangu alilala peke yake kwenye nyumba ya kupanga, akawalea watoto, akawapeleka shule na kanisani. Breki alikuja kama mgeni wa heshima. Alikula, akalala, akakagua paa la nyumba kana kwamba ndilo alilolioa, akaondoka.

Alipostaafu alirudi nyumbani akiendesha gari kuukuu la kusambazia mkate. Kiwanda cha mkate kilikuwa kimefungwa, nalo gari lilikuwa limekaa uani kwake likiota nyasi kwenye magurudumu. Lilikuwa sanduku kubwa la bati lenye mlango wa kusukuma pembeni. Akatoboa madirisha mawili, akaweka kitanda, kabati, jiko la gesi na beseni la kuoshea vyombo. Akalipaka rangi ya kijani ambayo ng'ombe angeipenda. Kisha akamwita dada yangu nje, akafungua mlango, akamwambia, "Mama, miaka yote nimezunguka bila wewe. Sasa tuzunguke wote."

Ni maneno mazuri kuliko yote niliyowahi kuyasikia kinywani mwake. Kama angeishia hapo, nisingekuwa na cha kuandika.

Dada yangu alilia, akakubali. Wakairudisha nyumba kwa mwenyewe, vyombo wakagawia ndugu (mimi nilipata kabati lisilofunga), wakaingia barabarani. Kiangazi kizima walikuwa kama maharusi. Walilala kando ya mito, wakapiga picha wakiwa na miavuli wakati hakuna mvua, wakatutumia.

Halafu mvua ikaja, mvua ile ya baridi inayonyesha polepole kama mtu asiye na haraka ya kulipa. Wakarudi kuegesha uwanjani kwangu, nyuma ya nyumba, wasubiri ipite. Asubuhi ya kwanza nilipeleka chai, nikafungua mlango, tone likanidondokea shingoni. Vioo vilikuwa vinatiririka. Dari lilikuwa limejaa matone yamepangana kama waumini kwenye mabenchi. Nikainua godoro, chini yake pameloa kabisa, na pembeni kuna madoa meusi ya kuvu. Gauni la kanisani la dada yangu lilinuka kama kisima. Biblia yake ilikuwa imevimba kana kwamba imekula hamira, na kurasa za Nuhu ndizo zilizotangulia kuloa.

"Linavuja," alisema Breki, akiwa amevaa kofia ya sufu na makoti mawili. "Bati la zamani hili. Nitaliziba."

"Fungua dirisha kidogo, baba watoto," dada yangu akasema.

"Nifungue dirisha kwenye mvua? Unataka baridi iingie na maji yaingie?"

"Maji yameshaingia. Nataka yapate pa kutokea."

"Mama, hii ni kazi ya ufundi."

Yeye alikuwa na silikoni, ile gundi ya mpira ya kuzibia nyufa. Mwanamume akishashika bomba la silikoni, shemeji zangu wote ni mashahidi, haoni tena nyumba, anaona nyufa tu. Aliziba kingo za madirisha. Aliziba mlango kwa mpira wa friji. Aliziba sakafu, akaziba tundu la ufunguo, ikabidi wafungue mlango kwa kuupiga teke. Kuta alizivalisha sponji na mbao nyembamba. Kila alipoziba, asubuhi maji yalizidi, na kila maji yalipozidi, alisema, "Unaona? Bado kuna tundu." Angeziba na pua zake kama zisingekuwa zinamsaidia kuongea.

Huku nyufa zinazibwa, ndani wanapika maharage, birika linachemka, soksi zimeanikwa kwenye kamba juu ya kitanda, watu wazima wawili wanapumua usiku kucha. Mungu alipompulizia Adamu pumzi ya uhai hakumfungia ndani ya kopo. Nilimwambia Breki hivyo hivyo. Akanijibu kwamba Adamu hakuwa na gari.

Siku moja akaleta jiko la mkaa ili "kukausha hewa". Dada yangu alilikuta likiwa limeshawashwa, karibu na kitanda, mlango na madirisha vimezibwa. Alilibeba kwa kanga, akalitoa nje, akalimwagia ndoo ya maji. Mvuke ukapanda, makaa yakalia.

"Umeharibu mkaa!" Breki akapiga kelele.

"Mkaa ndani ya nyumba isiyo na hewa unaua watu wamelala. Unataka watukute tumekauka vizuri?"

Kisha akasimama pale kwenye mvua, mbele yangu, akamwambia jambo alilolishika moyoni muda mrefu. "Baba watoto, nisikilize vizuri. Miaka yote nililala peke yangu, lakini nililala pakavu. Sasa umeniita nilale nawe, nikaacha nyumba yangu, kumbe umeniitia bwawani. Nakwenda kwa binti yetu. Gari likikauka, utaniita. Lisipokauka, ukae na gari lako, mimi nitakaa na wajukuu. Umri huu siutafutii kifua."

Breki akacheka, akidhani ni utani. Alipoona sanduku linatoka, akaacha kucheka. Alilibeba yeye mwenyewe hadi kituo cha basi, akarudi ameloa, akaingia garini, akapiga mlango teke ukafunga. Nilimsikia anakamua silikoni mpya kutoka kwenye bomba. Nilimcheka jikoni kwangu, halafu nikamwombea, kwa sababu uso wake ulipopita dirishani haukuwa uso wa mtu wa kuchekwa.

Na hapo ndipo likatokea jambo lililompandisha kichwa. Gari likakauka.

Si kukauka kwa kusema, kukauka kweli. Mvua haikuwa imepungua. Lakini nilipopeleka chakula asubuhi, dari lilikuwa na matone ya kuhesabika, kioo unaona nje, na upande wa godoro alikolala dada yangu palikuwa pakavu kama mkeka. Chakula cha Breki kilitoka kwangu, kwa hiyo hapakuwa na birika wala maharage. Nguo zake alizileta kwangu nimwanikie. Na aliyekuwa anapumua mle ndani ni mmoja.

"Si niliwaambia?" Breki akanipokea mlangoni, kifua mbele. "Silikoni imeshika! Mlikuwa mnacheka, chekeni sasa."

"Shemeji, una hakika ni silikoni?"

"Wewe ni mwanamke wa kwaya, utajua nini mambo ya bati?"

Akampigia dada yangu simu papo hapo, akipiga dari makofi ili asikie ukavu wake. "Mama, rudi. Kukavu kabisa. Nimelitengeneza kwa mkono wangu."

Dada yangu akarudi. Alirudi kwa furaha, tena nimwonee huruma kidogo hapa, maana alikuja na mapazia mapya aliyoshona kwa mashine ya binti yake. Jioni akapika ndani, mchuzi ukachemka, wakaongea hadi usingizi. Asubuhi nilisikia teke la mlango, nikatoka. Dada yangu alikuwa amesimama nje na sanduku lile lile. Mapazia mapya nyuma yake yalikuwa yameganda kwenye kioo kwa maji.

Breki akatoka nyuma yake, miguu peku. Na kwa kuwa alikuwa hajawahi kukosea maisha yake yote, akatafuta wa kumpa kosa, akamwona aliye karibu.

"Ni wewe!" akasema. "Nimepima. Ukiwepo, maji yapo. Ukiondoka, hayapo. Unapumua sana!"

Dada yangu aliweka sanduku chini taratibu.

"Kwa hiyo bila mimi, gari lako ni kavu."

"Kavu kabisa," Breki akasema, na nusu ya neno likamfia mdomoni.

"Umepata ulichokuwa unakitafuta, basi. Kaa nalo." Akainama kuchukua sanduku, kisha akainuka tena, akanyoosha kidole juu ya paa, pale palipokuwa na vibonge viwili vya silikoni vikubwa kama vitumbua. "Lakini kabla sijaenda, niambie. Yale yalikuwa nini?"

Breki hakujibu, kwa hiyo nitajibu mimi. Yalikuwa matundu mawili ya paa, kila moja na kofia yake ya bati ili mvua isiingie. Waliotengeneza gari lile walijua kwamba mkate wa moto hutoa mvuke, na mkate ukifungiwa na mvuke wake huloa na kuota kuvu kabla ya kufika dukani. Breki aliyaona matundu yale siku ya kwanza, akasema ndiyo milango ya baridi, akayaziba kabla hajaweka hata kitanda.

"Matundu ya mkate," hatimaye akasema, sauti ndogo.

"Mkate ulipewa matundu," dada yangu akasema. "Mke akapewa silikoni."

Mvua ilikuwa inanyesha. Breki alisimama na miguu yake peku kwenye tope, akitazama paa kama mtu anayesomewa hukumu. Kisha akaenda kuchukua ngazi yangu bila kuniomba, na bisibisi, na kile kisu changu kizuri cha jikoni ambacho hakijawa kisu tena tangu siku ile. Akapanda. Tulimsikia akikwangua, vipande vya silikoni vikaanguka kwenye matope kama vipande vya nazi. Hakusema samahani. Sikuwahi kumsikia akilisema neno hilo, na sitamzulia maiti. Lakini alipomaliza alichungulia kutoka juu, maji yanamtiririka puani, akamwambia, "Sasa baridi itaingia, mama."

"Baridi nina blanketi," dada yangu akamjibu. "Na chupa ya maji ya moto. Shuka, utaumwa."

Akalirudisha sanduku ndani.

Tangu siku hiyo walipika nje chini ya turubai, nguo mbichi hazikuingia ndani, godoro likawekwa juu ya mbao zilizoachana ili hewa ipite chini, na kila dirisha lilifunguliwa upana wa kidole hata mvua ikinyesha. Walilala na kofia za sufu. Walikauka. Na Breki, kama mlivyotegemea, akawa nabii wa hewa. Alisimamisha madereva wa watu barabarani kuwahubiria matundu. Kanisani aliinuka katikati ya mahubiri kufungua madirisha, mchungaji akakosa mstari wake. "Watu wengi wanapumua humu," alieleza usharika, kana kwamba ni ufunuo alioshushiwa yeye mwenyewe mlimani. Dada yangu aliinamisha kichwa akijifanya anasali. Alikuwa anacheka.

Moyo wa Breki ulisimama kiangazi, hospitalini, akimweleza muuguzi jinsi ya kufungua dirisha la wodi. Huyo ndiye mtu tuliyemzika. Bwana amrehemu, na malaika wamwachie dirisha.

Mvua za mwaka huu zimeanza. Dada yangu amekataa kulala ndani kwangu. Analala garini, uwanjani pale pale. Asubuhi ya kwanza nilipopeleka chai, nilikuta vioo vikavu, dari kavu, godoro kavu. Alikuwa amekaa kitandani akitazama kile kioo safi.

"Angalia," aliniambia. "Hakuna hata tone."

Jioni nikabeba blanketi langu, nikaenda kulala naye. Kulikuwa na baridi, akasahau kufungua madirisha, au hakusahau, na matundu ya paa peke yake hayatoshi watu wawili wanaoongea. Asubuhi kioo kilikuwa kinatiririka. Dada yangu akakigusa kwa kidole.

"Shemeji yako angesema ni wewe," akasema. "Unapumua sana."

Nikachukua kitambaa nipanguse, akanishika mkono. "Acha kidogo," akasema.

Nikaacha. Maji yakashuka kwenye pazia, yakafika kwenye blanketi langu, nami nikalalamika kwa sauti kubwa kuhusu kifua changu, kwa sababu katika gari lile lazima mtu mmoja awe analalamika.