Miezi Minane ya Bi Milimita

Mtaani walimwita Bi Milimita, naye hakulikataa jina. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mpimaji wa mvua katika kituo kidogo nyuma ya ofisi ya maji: uzio wa waya, nyasi zilizofyekwa, na kopo la shaba lililosimama peke yake katikati. Kila siku saa tatu asubuhi, iwe sikukuu iwe homa, alimimina maji ya kopo kwenye bilauri ya kupimia, akainama mpaka jicho likawa sawa na maji, akaandika namba daftarini. Na kwa kuwa maji ya asubuhi ni mvua iliyonyesha tangu jana, aliiandika kwenye mstari wa jana. Majirani walipomwuliza kama waanike nguo, aliwajibu kwamba yeye hupima iliyokwisha kunyesha; ya leo wajitazamie wenyewe.

Alibakiwa na miezi minne astaafu ulipokuja mradi wa ghala la takwimu. Nia yake ilikuwa njema: mvua, mto, udongo na misitu, vyote viwekwe mahali pamoja kwenye kompyuta, mtu wa fani yoyote ajisomee bila kubembeleza mtu. Ajabu ni kwamba jambo hilo lilikuwa halijafanyika. Wataalamu hawa walikuwa wakipishana kwenye ngazi za jengo moja miaka nenda miaka rudi, na hawakuwa na hata siku moja ya pamoja. Siku ya mtu wa mto ilianza saa sita usiku, kwa mashine. Ya Bi Milimita ilianza saa tatu asubuhi. Mtu wa udongo yeye alihesabu kwa wiki, na alipoulizwa wiki yake inaanza lini, akasema inategemea.

Binti wa kompyuta aliyeajiriwa na mradi alikaa miezi miwili akiingiza madaftari yote sitini na mawili. Alipomaliza, mkuu wa mradi aliita kikao, akaonyesha ukutani mistari miwili, wa mvua na wa mto. Mvua ikipanda, mto unafuata, mwaka baada ya mwaka, safi kabisa. Ila katika mwaka wa kumi na tisa, kwa miezi minane, mambo yalikwenda kichwa chini miguu juu: mara kwa mara mto ulijaa leo, mvua ikanyesha kesho.

Watu walicheka. Bi Milimita hakucheka, maana mwaka ule aliukumbuka.

Mkuu alieleza kwa upole, na upole huo ndio uliouma. Mashine ya mto ilikwisha kaguliwa, haina kasoro. Kama hitilafu ya mvua haitapata maelezo, kituo hakitaingia ghalani, si ile miezi minane tu, bali miaka yote thelathini na mmoja, kwa sababu hakuna atakayeweza kuidhamini mingine. Akasema wakanywe chai kwanza, wakirudi wapitishe uamuzi.

Bi Milimita alibaki na kikombe chake kwenye korido, hata hakukigusa. Maelezo alikuwa nayo. Mwaka ule mama yake alilazwa hospitalini, naye alikataa chakula cha mkono mwingine wowote. Asubuhi zikawa za mama, na kopo likangoja mpaka saa kumi na mbili jioni. Kanuni ya ofisi ilikuwa saa tatu asubuhi au kazi huna, kwa hiyo hakumwambia mtu. Maji ya jioni aliyaona ni ya leo, akayaandika kwenye mstari wa leo, asikumbuke kwamba mvua ya usiku uliopita nayo ilikuwa humo humo. Namba zilikuwa za kweli. Saa ndiyo aliyoificha.

Akinyamaza, jina lake litabaki safi na madaftari yatarudi kabatini kuliwa na mchwa. Akisema, huenda yakapona, ila atastaafu akiitwa mdanganyifu na watu aliowasalimia kila asubuhi. Mimi nisingejua la kufanya, na sidhani kama wengi wetu tungejua.

Waliporudi ukumbini alijipiga moyo konde, akasimama.

"Mto hauna kosa," alisema. "Kosa ni langu. Ile miezi minane nilipima jioni. Asubuhi nilikuwa hospitalini namlisha mama, na sikuandika popote kwamba nimebadilisha saa."

Alingoja akaripiwe. Mkuu wa mradi akauliza jambo moja tu, tarehe aliyoanza, kisha akaiandika kwa utulivu kama mtu aliyeokota ufunguo wake. Ndipo mtu wa mto akakohoa. Alisema, akitazama meza, kwamba baada ya gharika moja mashine yake ilikaa imeinama kwa miaka miwili, na yeye alikuwa akizirekebisha namba kichwani bila kuandika. Mtu wa udongo naye akainua mkono, na wote wakaguna kabla hajafungua kinywa. Kikao kilichokuwa kiishe saa saba kiliisha saa kumi, na kituo cha mvua kikapitishwa bila mtu kupinga.

Jioni hiyo binti wa kompyuta aliongeza safu mbili pembeni mwa namba: saa ya kupima, na maelezo ya mpimaji. Bi Milimita alivuta kiti, wakakaa bega kwa bega, wakapita miezi minane mstari kwa mstari.

"Na upimaji wa asubuhi uliurudia lini, mama?" binti aliuliza.

Bi Milimita hakufungua daftari. "Tarehe kumi na nne."

Binti alitafuta, akapata, akasita. Kabla ya hiyo tarehe palikuwa na siku tatu za sifuri. Aliuliza kama siku hizo kulikuwa na ukavu.

"Mimi sikuandika sifuri, niliweka kistari," alisema Bi Milimita. "Mvua ilinyesha zote tatu. Tulimzika mama tukiwa tumesimama kwenye matope. Maji niliyoyakuta kwenye kopo niliyamwaga, maana sikujua ni ya siku gani."

Kompyuta ndiyo iliyokuwa ikigeuza kila kistari kuwa sifuri, na hakuna aliyekuwa ameliona hilo. Binti alizifuta sifuri moja moja, polepole, hakutumia njia ya mkato. Kisha, kwenye safu ya maelezo, akaandika mara tatu, na kumgeuzia kioo asome: Mvua ilinyesha. Haikupimwa.