Kope la Kabula Halikukonyeza

Enzi zetu kule Mwandoya, asubuhi ilinukia moshi wa kuni na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa kwa karanga. Tulikwenda shule pekupeku katikati ya mashamba ya pamba, mwendo ambao kijana wa leo angeitia bodaboda kabla hajafunga kamba za viatu. Namshukuru Mungu kwa siku zile. Lakini kuna siku moja ambayo nimeiombea miaka mingi, na bado inanichemsha damu.

Mdogo wangu Kabula alizaliwa na kope la jicho la kushoto limelala. Akitafuna au akifungua mdomo kuimba, kope lilipanda lenyewe, akiufumba, lilishuka. Sisi watoto tulimpa karanga: "Tafuna tuone!" Tulicheka, naye akicheka. Mayu, mama yetu, alitufokea: "Mungu hakumuumba mwanangu awe mchezo wenu!"

Kabula alikuwa na sauti. Kwaya ya watoto ikampa kuongoza wimbo wa Pasaka. Alipofungua kinywa, kope likaruka, likashuka, likaruka tena. Katekista akausimamisha wimbo.

"Wewe binti, unamkonyeza nani mbele ya altare?"

"Simkonyezi mtu, mwalimu."

"Na hapo hapo unanikonyeza mimi!"

Kanisa zima likacheka. Mimi kaka yake, niliyejua ukweli, nilitazama sakafu. Akatolewa kwaya. Tangu siku ile hata Baba Yetu aliisali midomo imebanwa. Tulipomzika, akiwa tayari bibi wa wajukuu, kwaya iliimba vizuri mno, nami nilikaa pale nimekunja ngumi.

Mjukuu wake, Minza, ana kope kama lile. Daktari hapa Bariadi alituchorea kwenye karatasi: mshipa wa fahamu wa taya ulipotea njia tangu tumboni, ukashika kope. Basi! Kwa hilo tulimfunga mtoto mdomo maisha yake yote.

Jumapili iliyopita Minza aliongoza wimbo. Vijana wa kwaya, wenye simu zinazojibu kila swali, wakamrekodi huku wakicheka. Mtoto akanyamaza. Nikasimama katikati ya ibada.

"Zimeni hizo simu! Mtoto haoneshi ishara kwa mtu, ndivyo alivyoumbwa. Anzeni upya, na aongoze yeye."

"Sawa, babu," akajibu mwimbishaji.

Minza akaimba mpaka mwisho, kope likipanda na kushuka.

Enzi zetu tulikuwa na heshima, na nyimbo zilikuwa tamu kuliko hizi za spika. Lakini alikosekana mtu mmoja wa kusimama, na mtu huyo nilikuwa mimi.