Foleni ya Mwenyekiti

Ujumbe ulisema yeye ni wa pili. Veneranda aliusoma mara tatu akiwa kwenye ngazi za jengo lake kule Alby, kiungani mwa Stockholm, jengo lisilo na lifti, pale ghorofa ya tatu ambapo goti la kushoto humlazimisha kusimama kila siku kabla ya kumalizia ya nne. Watu kadhaa walikuwa wamealikwa kuitazama nyumba aliyoiomba, na mbele yake alikuwa na mtu mmoja tu. Huyo akikataa, nyumba ni yake.

Tuelewane, haikuwa nyumba ya kuuguzia wazee. Hizo anazijua, maana amewaogesha vikongwe wa Kiswidi miaka thelathini na mmoja. Hii ilikuwa ya kupanga, kwa waliotimiza miaka sitini na mitano: chumba na sebule, lifti, bafu lisilo na kizingiti, na chini ukumbi ambapo wapangaji hunywa kahawa pamoja. Kutoka hapo mpaka kwa binti yake Rebecka, Jordbro, ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu, hata kwa miguu ya Veneranda.

Nyumba za kupanga Stockholm hupewa aliyesubiri zaidi. Unajiandikisha, unalipia ada ndogo kila mwaka, na kila siku inayopita inaongezwa kwenye jina lako. Ukiacha kulipa, siku zako zote zinafutwa. Veneranda alijiandikisha mwaka 1986, miezi michache baada ya kuja kusomea uuguzi. Angebaki kwenye foleni ile mpaka leo, asingekuwa wa pili mahali popote.

Lakini kulikuwa na Jumapili moja ya mwaka 1996, sebuleni kwa Deusdedit, mwenyekiti wa chama chao cha Watanzania. Alisimama mbele ya watu na bili yake ya foleni mkononi. "Anayepanga foleni hapa anajichagulia kaburi kwenye theluji," alisema. "Sisi ni watu wa kurudi." Akaichana. Makofi yakapigwa, watu wakafungua mikoba, na bili tisa zikachanwa jioni ile, ya Veneranda ikiwa mojawapo. Leokadia, mke wa mwenyekiti, akapita na sahani akikusanya vipande.

Basi Veneranda akajenga kwao Muleba. Nyumba nzuri ya matofali, bati la kijani, na ukijumlisha likizo zake zote amelala humo wiki kumi na moja. Mumewe Mashauri akafariki, wajukuu wakazaliwa huku, na goti lilipoanza kumsumbua, mwaka 2012, akajiandikisha upya kimyakimya kama mwizi. Aliona haya kwamba amemwasi mwenyekiti. Haya hiyo aliibeba miaka yote hiyo, na hata Leokadia, shoga yake wa kusukana nywele, hakumwambia.

Siku ya kuitazama nyumba, mlangoni palikuwa na kikapu cha mifuko ya buluu ya plastiki ya kuvalia juu ya viatu. Rebecka alipima ukuta wa chumbani kwa tepu. "Sängen får plats, mamma," alisema, naye mama akajibu kwamba kitanda si shida, shida ni kabati. Aliingia bafuni akatoka, akaingia akatoka, mara tatu bila kushika ukuta. Jikoni alikwisha kuzipanga sufuria zake kichwani. Kila aliyefika, Veneranda alimuuliza kwa adabu yeye ni wa ngapi. Mzee mwenye mkongojo alikuwa wa sita, na mama mmoja wa Kifini wa nne. Wa kwanza hakuonekana. Zilipobaki dakika kumi muda wa kutazama uishe, moyo wake ukaanza kutulia, akathubutu kuchagua upande wa kuweka meza.

Ndipo akasikia Kihaya kwenye korido.

Deusdedit alikuwa ameinama anahangaika na ile mifuko ya buluu, Leokadia amemshika bega asianguke. Veneranda alifurahi. Ndiyo, alifurahi kweli, akadhani Rebecka amewapa habari nao wamekuja kumsindikiza.

"Mama Rebecka," alisema Leokadia, akaishia hapo.

Uso ule ulitosha. "Mwenyekiti," Veneranda aliuliza, "wewe ni wa ngapi?"

"Dada Vene, uzee huu. Daktari ameshauri tuhamie mahali penye..."

"Wa ngapi?"

"Wa kwanza."

"Tangu lini?"

"Themanini na tisa."

"Lakini uliichana. Nilikuona kwa macho yangu."

Aliyejibu alikuwa Leokadia, macho yakiwa kwenye miguu yake ya buluu. "Ile nilikuwa nimeshailipia, tangu Ijumaa."

"Na vipande vyangu ukaviokota wewe. Kwa mkono wako, Mama Mikael."

"Kiongozi ni lazima awatie watu moyo," alisema Deusdedit, akaingia jikoni akaanza kufungua kabati moja baada ya jingine. Kabla hajaondoka alikwisha kuikubali nyumba.

Miaka karibu thelathini walimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, naye akawaonea haya wao. Hilo ndilo lililomchoma Veneranda kuliko nyumba. Kwenye treni Rebecka alimshika mkono, naye akautoa, si kwa ubaya, ila hakutaka kuguswa na mtu yeyote.

Wiki mbili baadaye chama kilikutana. Tiana, muuguzi kijana aliyefika majira ya kuchipua, aliuliza kama inafaa ajiandikishe kwenye foleni ya nyumba. Deusdedit, ambaye masanduku yake yalikuwa tayari yamefungwa, alikohoa kidogo. "Binti yangu," alianza, "sisi ni watu wa kurudi."

Veneranda alisimama, goti likilia. "Mwenyekiti, mwambie una siku ngapi kwenye foleni."

Deusdedit alipanga upya karatasi zilizokuwa mbele yake. Veneranda hakukaa.

"Elfu kumi na tatu," Leokadia alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Na kidogo."

Kati ya wale tisa wa mwaka 1996, wanne walikuwemo humo ndani. Waligeuza shingo mmoja mmoja. Mzee Optatus, mmoja wao, anayelala kwenye kochi la mwanawe tangu alipostaafu, aliweka kikombe chake mezani.

"Deo," aliuliza taratibu, "na ile karatasi uliyoichana?"