Nilisema "sahani"

Leo neno moja nusura linipeleke ndani.

Natoka sokoni Kator, hapa Juba, nimebadilisha mashine yangu ya santuri. Ile ya zamani ilikwaruza sahani zangu zote za muziki. Hii mpya ina mkono wa sindano mwepesi.

Kwenye kizuizi cha barabarani mwanajeshi akauliza katoni ina nini.

"Mashine ya sahani, afande."

Yeye, kwa Kiarabu chake cha Juba, akasikia dishi la setilaiti. Na siku hizi za vita, mwenye dishi anazungumza na waasi.

"Wewe iko naongea na nani?"

Nikaitoa mashine, nikaweka santuri niliyoijaribia, nikaizungusha kwa kidole kwa kuwa hapakuwa na umeme, nikashusha sindano. Akainamisha sikio. Bunduki ikanigusa goti.

Akasikiliza wimbo mzima.

"Iko naimba kidogo sana. Hii mbovu. Wamekudanganya."

Ningemweleza habari ya amplifaya, kwamba bila hiyo sindano hunong'ona tu? Ninyi mngethubutu?

"Ndiyo, afande. Wamenidanganya."