Chemchemi Iliyofungwa Ijumaa

Sijasamehe. Naanza na hilo ili mtu asiendelee kusoma akitarajia mahubiri. Ukitaka kujua nilivyojifunza kuishi kwangu bila kuomba hata kibiriti nitakueleza, ila ujue mwalimu wangu alikuwa hasira.

Mume wangu hakuwa amemaliza miezi mitatu kaburini wakati kaka yake mkubwa alipoizungushia waya chemchemi iliyo bondeni. Iko upande wake wa shamba, sikatai. Lakini tangu siku za baba yao mlima mzima ulikuwa ukiteka hapo. Na akachagua Ijumaa alasiri, saa ambayo kila mama anakimbizana na jua ili apate maji ya Sabato. Yeye mzee wa kanisa! Nilifika na mtungi wangu nikamkuta anapigilia msumari wa mwisho.

"Shemeji, na mimi nitateka wapi?"

Hakuinua macho. "Rudi kwenu. Usipotaka kurudi leo, kiu itakurudisha."

Akina mama waliokuwa nyuma yangu waliinamisha vichwa. Wao walikuwa na kwingine kwa kuteka. Mimi nilikuwa na kipande cha shamba la majani chai alichoniachia mume wangu, na shemeji alikitaka. Kila mtu alijua. Nikiondoka tu, kimekuwa chake.

Ndani ya ule waya alikuwa amepanda miche ya mikaratusi, mistari mitatu kuizunguka chemchemi, kwa sababu penye maji huota haraka na nguzo zina wanunuzi. Niliiona. Hata mtoto wa huku anajua mkaratusi unavyokunywa. Ningemwonya? Thubutu! Nilifunga mdomo nikapanda mlima na mtungi mtupu.

Jioni ile mvua ikanyesha, kama inavyonyesha kwetu karibu kila siku. Nikasimama mlangoni nikilia, na maji yanamiminika kutoka kwenye mabati yangu, yanachimba mfereji uani, yanateremka bondeni kwenye chemchemi yake. Nyasae, Mungu wangu! Miaka yote hiyo tumekuwa tukishuka mlima kufuata maji yaliyotoka juu ya vichwa vyetu wenyewe. Niliacha kulia nikakinga sufuria, beseni, hata chungu cha ugali.

Bonasi ya chai ilipotoka sikununua nguo. Nilinunua gata la kukinga maji ya paa sokoni Marani, kisha tangi, nikalipandisha juu ya msingi wa mawe niliyoyabeba mwenyewe. Nilijifunza kuyaacha maji ya mwanzo wa mvua yaoshe paa kwanza, halafu ndipo niyaelekeze tangini, na kufunga kitambaa mdomoni mwa bomba ili majani yasiingie. Maji ya kuoshea vyombo yakaenda kwenye migomba. Mboga za chinsaga na managu nikapanda kwenye magunia kando ya jikoni, hatua nne kutoka mekoni. Mavi ya ng'ombe wangu mmoja yakaingia kwenye shimo la gesi, na siku niliyochemsha chai bila ukuni nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Kila jiwe nililoweka nilikuwa nikimwona yeye. Watu walinisifu eti mama mwenye bidii. Bidii gani? Mwenye kovu usidhani kapoa.

Mikaratusi ikarefuka. Mwaka huu kiangazi cha Januari kikakaza, chemchemi ikawa tope, tope likawa ufa.

Mkewe alikuja kwanza. Huyo hajanikosea, nikamjazia mtungi na fungu la managu juu. Lakini nikamwambia, "Dada, haya ni ya leo. Kesho mwambie mwenye waya aje mwenyewe. Na abebe kichwani, kama sisi."

Alishika mdomo. Huku mwanamume habebi maji kichwani. Atatafuta pikipiki, atatafuta punda. Lakini kwangu pikipiki haifiki, ni njia ya miguu tu katikati ya chai. Akaniomba nimhurumie mzee. Nikamwuliza mzee alimhurumia nani.

Shemeji alivumilia siku tisa. Nilizihesabu kwa raha, Mungu anisamehe akitaka. Siku ya kumi, Ijumaa, jua likiwa bado juu, nikamwona anapanda kati ya mistari ya chai, wachumaji wamesimama na vikapu vyao mgongoni wanatazama. Mtungi mkononi. Amezeeka, anahema.

Alisimama mbele ya tangi langu. Nikafungua mfereji mimi mwenyewe, taratibu, ili mtungi ujae polepole na wachumaji waone vizuri. Ulipojaa alijaribu kuuinua, ukamshinda. Akatazama chini pale pale alipotazama ile Ijumaa.

"Shemeji," akasema kwa sauti ndogo, "nitwike."

Nilikuwa nimeingoja sauti hiyo miaka mingi. Nikasokota kata ya majani ya mgomba, nikamwekea kichwani, nikainua mtungi kwa mikono yangu miwili nikamtwika, na nikaushikilia mpaka shingo yake ilipotulia.

"Karibu kwetu, shemeji," nikamwambia. "Naona kiu imekuleta."